Mada ya Muhogo wa Sikuda

Kisumu, 6 Mei 2024

Bi. Jovia Okochi,

Salamu. Nakuandikia kwa niaba ya Jukwaa la Wanga, ambalo wewe ni mwanachama wake tangu mwaka 2022. Kama ulivyoona kwenye tangazo, jukwaa letu la mtandaoni linahamia makao mapya. Mijadala yote ya watafiti kuhusu wanga, sukari na nyuzi za mimea itahamishwa, isipokuwa mada zilizofungwa kwa alama nyekundu.

Mada yako, "Muhogo wa kuvundika wa Sikuda: kwa nini ugali wake haubomoki kesho yake?", ina alama hiyo. Itafutwa tarehe 30 Juni. Jina lako la uanachama litafutwa pia, kwa kuwa hujaandika chochote kwa miezi kumi na moja.

Ikiwa una pingamizi, liwasilishe kwa maandishi.

Wako katika kazi,
Dkt. Zubaida Wahabi
Msimamizi


Sikuda, 9 Mei 2024

Daktari,

Nina pingamizi.

Jovia hawezi kukujibu. Alifariki tarehe 14 Juni mwaka jana, baada ya kuugua siku tisa. Mimi ni Nerima, mama yake. Simu yake ninayo. Barua yako iliingia nikiwa namenya muhogo, nikafuta mikono kwenye gauni na kukimbia ndani, maana hadi leo simu hiyo ikilia mimi nakimbia.

Kiswahili nilijifunza kwa kuuza samaki wakavu pale mpakani Busia, na shule niliishia darasa la saba. Kwa hiyo mada yake nimeisoma polepole, maandiko yote arobaini na moja, mara nyingi. Maneno makubwa niliyaruka. Andiko la mwisho sikuliruka. Linasema: "Matokeo hayaaminiki. Nambari za kwanza huenda zimetungwa. Mada imefungwa." Halina jina la mtu. Limeandikwa Usimamizi, basi.

Mwanangu alifanya kazi kwenye maabara ya chuo kimoja huko Tororo. Aliosha chupa na kuwapangia wanafunzi vifaa. Hakuwa daktari kama wewe. Lakini tangu utotoni, akiulizwa amekula maembe mangapi ya watu, alitaja idadi kamili. Wenzake walisema mawili. Yeye alisema saba, na akachapwa kwa saba.

Mada hiyo haitafutwa. Na kabla hatujafika mbali nataka kujua ni nani aliyeandika neno "zimetungwa".

Nerima, mama yake Jovia


Kisumu, 12 Mei 2024

Mama Jovia,

Pole sana. Sikujua. Ningejua nisingekuandikia vile. Mungu amrehemu.

Naomba nikueleze jinsi ilivyokuwa. Jovia aliandika kwamba uji wa unga wa kuvundika ulichukua sekunde 74 kupita kwenye faneli, na uji wa muhogo uliokaushwa juani tu ulichukua sekunde 52. Akasema kuvundika kunabadilisha wanga wenyewe, ndiyo maana ugali ule unashikana. Lilikuwa wazo zuri. Wanachama wakamwomba arudie. Aliporudia, uji wa aina zote mbili ukapita kwa sekunde 52. Hakuweza kueleza sababu. Katika kazi yetu, mtu akidai jambo halafu lisirudi, linawekewa alama. Tena picha aliyotuma mwanzoni ilionyesha muhogo wenye ukungu mweusi, na wengine wakasema sampuli ilikuwa imeoza.

Uamuzi ulikuwa wa usimamizi kwa jumla.

Sheria ya kuhama siwezi kuibadilisha. Ninachoweza ni kuchapisha kurasa zote za mada yake na kukutumia kwa basi hadi Busia, uwe nazo kama kumbukumbu.

Zubaida Wahabi


Sikuda, 15 Mei 2024

Daktari,

Karatasi sitaki. Nitazifanyia nini, nifungie chumvi? Kumbukumbu ninazo. Alikuwa anakunywa chai akiwa amesimama, kama mtu anayesubiriwa barabarani. Alikuwa anasugua kucha kwa ndimu kabla ya kwenda kazini. Hizo hazihitaji karatasi. Mada yake haikuwa kumbukumbu. Alikuwa akizungumza na watu, na watu wakamfungia mlango.

Sasa huu ukungu. Hapa kwetu kuvundika ni hivi: muhogo unamenywa, unaanikwa kidogo, halafu unarundikwa ndani ya nyumba na kufunikwa kwa majani ya migomba na magunia. Siku ya tatu ukiingiza mkono unakuta joto kama la mtoto mwenye homa. Siku ya nne umevaa manyoya, meusi na meupe. Ndiyo tunataka hivyo. Unakwangua manyoya kwa kisu, unauvunja, unauanika, unausaga pamoja na mtama. Ukungu wa kijani tunautupa, na harufu yake hata mtoto anaijua. Mtu anayesema mweusi ni uozo hajawahi kula kwetu. Aseme hajui. Asiseme mwanangu ametunga.

Kisu ninachokwangulia alininunulia Jovia, siku ya soko Nagongera. Alinunua na kifuniko chake.

Mume wangu Okochi ananiambia, "Mama Jovia, achana na hao watu wa simu. Watakuzeesha." Nimemwambia kuzeeka nimeshazeeka.

Nimeona mahali pa kuomba uanachama. Nimejaza. Palipoulizwa taaluma nimeandika muhogo. Palipoulizwa taasisi nimeandika Sikuda. Mkishanikubali nitaifungua mada mwenyewe.

Nerima


Kisumu, 20 Mei 2024

Mama Jovia,

Kamati imekataa ombi lako. Wanataka mwanachama awe na anwani ya chuo au maabara. Nakwambia mwenyewe ili usisikie kwa mwingine: mmoja aliandika kwamba jukwaa hili si jiko. Nilimjibu, lakini kura zilikuwa tano kwa mbili.

Umenieleza ukungu vizuri kuliko wengi waliosomea. Lakini kwenye barua yako hukugusa kabisa jambo lililoiangusha mada, yaani ile mara ya pili. Iwapo kuna sababu ya mara ya pili, na kipimo kikarudiwa mara tatu, alama nyekundu inaweza kuondolewa kwa mujibu wa sheria zetu wenyewe. Bila hivyo mikono yangu imefungwa.

Je, Jovia aliwahi kukwambia kilichotokea?

Zubaida


Sikuda, 29 Mei 2024

Daktari,

Nimekaa siku tisa na barua yako. Mwambie huyo wa jiko kwamba wanga wote anaoujua ulipikwa na mtu kabla haujamfikia.

Ya mara ya pili, Jovia hakuniambia kwa sababu hakujua. Nilijua mimi.

Alinipigia simu mwezi wa nne mwaka jana. "Mama, nitumie muhogo wa kuvundika, debe moja. Usiukwangue. Utume na manyoya yake." Nikamwuliza unakwenda kwa nani. Akasema, "Kwa maabara, mama. Wakubwa watanitazama nikiupima, na nimewaambia umetoka kwa mama yangu."

Nikafunua rundo. Lilikuwa limeiva vizuri, jeusi. Nikafikiria wakubwa wale wakifungua gunia, wakiziba pua, wakimtazama mwanangu. Kwetu chakula cha kupeleka kwa watu hakipelekwi kikiwa kibaya. Ukimpelekea mtu kuku, unachagua jogoo. Ukimpelekea unga, unachekecha mara mbili. Pembeni nilikuwa na muhogo mwingine wa kukausha juani, mweupe kama chaki. Nikajaza huo. Nikashona gunia kwa uzi mpya. Alipouliza, "Mama, huu mbona mweupe hivi?" nikamwambia ni wa kuvundika, ila nimeukwangua vizuri.

Aliniamini. Alipima muhogo wa juani na muhogo wa juani. Ungekuwaje tofauti?

Jioni moja akaja nyumbani, akanywa chai yake amesimama, akasema, "Mama, nambari zangu zimenikataa." Nikajua. Nikaona aibu kumwambia nimedanganya, nikasema nitamwambia Jumapili. Jumapili hakuja, wanafunzi walikuwa na mtihani. Nyingine nayo ikapita. Halafu akaugua. Kwenye kitanda cha hospitali nikasema moyoni asipate mawazo, akipona nitamwambia.

Sasa nimekwambia wewe yale niliyopaswa kumwambia yeye.

Andika hivi, mbele ya kamati yako yote: aliyeharibu mara ya pili ni Nerima, mama, kwa kutaka sifa. Jovia hakutunga. Leo asubuhi nimeanza kurundika muhogo mpya. Kwenye sanduku lake nimepata faneli, kipimajoto na daftari lenye maelezo. Nitarudia mwenyewe mara tatu, jikoni.

Nerima


Kisumu, 30 Mei 2024

Mama,

Nimesoma barua yako nikiwa kazini na nikafunga mlango.

Uliniuliza swali tarehe 9, na nikajibu kwa ujanja. Neno "zimetungwa" niliandika mimi. Halikuwa la usimamizi kwa jumla. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na mada kumi na mbili za kufunga, na ya Jovia ilikuwa ya tisa.

Kuna baya zaidi. Mimi ni mtoto wa Busia, upande wa Kenya. Baba yangu, Mzee Wahabi, alikuwa na malori mawili ya kubeba nafaka. Mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa akituletea unga huo mweusi, na nimeula hadi nimekuwa mkubwa. Shuleni walinicheka kwamba tunakula udongo. Picha ya Jovia nilipoiona niliujua muhogo ule mara moja. Wengine waliposema umeoza, nilinyamaza, ili wasiniulize nimejuaje.

Jovia alilitambua jina la baba yangu, akaniandikia kando: "Dada, wewe ni wa hapa, njoo uone." Sikumjibu.

Sina la kujitetea.

Zubaida


Sikuda, 8 Juni 2024

Zubaida,

Nilijua ni wewe. Jovia alinitajia jina lako. Alisema, "Mama, kuna mmoja huko ni mtoto wa Busia hapo ng'ambo, yule atanielewa." Barua yako ya kwanza ilipokuja na jina hilo chini yake, nilijua. Nilikuuliza nione kama utasema. Umechelewa siku ishirini na moja. Mimi nimechelewa mwaka. Sikuhukumu, lakini pia sijamaliza na wewe.

Sasa sikiliza kazi. Nimefuata daftari lake. Vijiko viwili vya unga, vikombe vitatu vya maji, chemsha uji hadi utokote mara ya pili, acha upoe mpaka kipimajoto kisome arobaini. Faneli niliifunga kwenye mguu wa stuli. Okochi alishika saa ya simu. Alianza kwa kunicheka: "Miaka thelathini nimekunywa uji wa mwanamke huyu, leo ndio naambiwa niupime mbio!" Mara ya kwanza akasahau kubonyeza, tukamwaga tukaanza upya. Mara ya pili akabonyeza mapema. Nilimwambia, "Mzee, hii si mechi," akaniambia, "Basi mbona unapiga kelele kama refa?" Baada ya hapo akawa makini kuliko mimi. Alikuwa anashusha pumzi uji ukianza kushuka, kama vile pumzi yake ingeusukuma.

Wa kuvundika: 73, 75, 74.
Wa juani: 52, 51, 53.

Okochi alipoona 74 alikaa chini palepale jikoni. Akasema, "Ile ile ya mtoto."

Nimezituma nambari hizi kwa kamati, kupitia mahali pale pa kuomba uanachama waliponikatalia. Mmoja amejibu kwamba kipimo cha jikoni hakina uzito. Vizuri. Basi aje mwenye uzito. Tarehe 14 itakuwa mwaka mmoja. Hatutafanya sherehe, tutasali na kula. Njoo wewe. Usije na kamati, njoo na faneli yako na saa yako, upime mbele yangu. Debe la muhogo nimekuwekea, na manyoya yake. Safari hii sikwangui na sioni aibu.

Usipokuja, nitapanda basi hadi Kisumu nikiwa nalo kichwani, nikae mlangoni pa maabara yako hadi harufu iwaite wote.

Nerima


Kisumu, 18 Juni 2024

Mama Nerima,

Nilifika salama kutoka kwenu. Pale mpakani afisa aliniuliza kwenye mfuko mna nini. Nikamwambia muhogo wa kuvundika. Akafungua, akanusa, akacheka: "Huu ni wa mama gani? Unanukia nyumbani." Akanipitisha baada ya kuandika karatasi moja tu. Ule uliobaki nimeupima tena hapa kwa mashine. Inasema kama faneli ya Jovia inavyosema.

Nasikia aibu kwamba nililia kaburini kuliko wenye msiba. Mwambie Mzee Okochi asante kwa kunifundisha kubonyeza saa.

Sasa habari za kamati. Wamekubali mada ihamie, alama nyekundu iondolewe. Lakini wana masharti mawili. La kwanza, andiko langu la kufunga mada lifutwe, na maelezo yako kuhusu gunia yasiingizwe, ili mada ionekane safi. La pili, sheria mpya haimruhusu marehemu kuwa mwenye mada. Wanataka iandikwe kwa jina langu, kwa kuwa nimepima kwa mashine, na chini kabisa washukuriwe "wakulima wa Sikuda".

Wanaona wametupa kila tulichoomba. Mimi sijawajibu. Nasubiri wewe.

Zubaida


Sikuda, 20 Juni 2024

Mwanangu Zubaida,

Faneli yako uliisahau kwenye stuli. Okochi ameitundika karibu na ile ya Jovia na hataki niiguse.

Jibu ni hapana, mara mbili.

Kusafisha nimeshasafisha mara moja, na unajua kilichotokea. Nilitoa muhogo wenye ukungu nikaweka mweupe ili watu wakubwa wapendezwe, nikamzika mtoto wangu akiwa anaitwa mwongo. Kamati yako inataka kufanya kile kile nilichofanya mimi. Mwambie yule wa jiko kwamba hilo ni gunia jingine jeupe, na kwamba mimi nalijua gunia hilo, nililishona kwa mkono wangu.

Andiko lako lisifutwe. Libaki na ule ukali wake, ila uweke jina lako mahali pa neno Usimamizi. Chini yake iwekwe barua yangu ya tarehe 29 Mei, na jina langu, ili kila atakayepita aone ni nani alibadilisha muhogo. Chini ya hiyo ziwekwe nambari za jikoni na za mashine. Na juu, mwanzo kabisa, mwenye mada: Jovia Okochi, Sikuda. Bila neno marehemu. Alipoandika alikuwa hai.

Nambari ni zake. Kosa la gunia ni langu. Neno ni lako. Kila mtu abaki na chake mbele ya watu.

Na hao "wakulima wa Sikuda" ni nani? Mkulima ana jina. Aliyelima shamba lile ni Okochi, na Adeke jirani yetu alinisaidia kumenya. Kama wanataka kushukuru, washukuru kwa majina.

Wakikataa, waache wafute tarehe 30. Mimi nina daftari lake, faneli mbili na muhogo usiokwisha. Nitaandika yote upya, kwenye kila mlango utakaofunguka, hadi wachoke wao.

Naogopa kukwambia uhatarishe kazi yako. Sikwambii. Nakwambia tu nilipo mimi.

Mama Nerima


Kisumu, 30 Juni 2024

Mama,

Kikao kilikuwa kirefu. Niliwasomea barua yako yote, na ya gunia pia. Nikawaambia kama mada inahamia kwa jina langu, basi mimi sihami nayo. Watafute msimamizi mwingine. Yule wa jiko akasema natikisa nyumba kwa ajili ya uji. Nikamwambia ndiyo, na aniambie yeye amewahi kutikisa nini.

Kura zilikuwa nne kwa tatu.

Leo asubuhi imehamia. Imeandikwa ulivyotaka, toka juu hadi chini. Andiko langu lipo, na jina langu lipo. Nimelisoma mara moja, inatosha. Usimamizi wamenivua, kwa sababu ya lugha niliyotumia kikaoni. Sasa mimi ni mwanachama tu kama Jovia, ambaye jina lake halikufutwa.

Kuna jambo moja zaidi. Chini ya nambari, saa mbili baadaye, mtu ameshaandika. Ni mtafiti kutoka Mtwara, anaitwa Erisa, nao huko wanakula muhogo. Hajasoma vizuri, au amesoma haraka. Ameandika: "Hongera, Jovia. Swali: mvua ikinyesha na hewa ikiwa baridi, rundo unaliacha siku ngapi?"

Sijamjibu. Naona swali si langu.

Zubaida


Sikuda, 2 Julai 2024

Mwanangu,

Pole kwa usimamizi. Njoo Jumamosi, utasimamia rundo.

Nimeona swali la huyo Erisa. Nilikaa na simu mkononi, kidole juu ya jina la mwanangu, kwa muda mrefu. Halafu nikatoka nikaingiza mkono ndani ya rundo, maana mvua ilikuwa inanyesha hapa pia, nikapima joto, nikarudi nikamjibu kwa jina hilo. Sikumwambia aliyemwuliza hayupo. Hayo yameandikwa hapo juu, atayakuta akisoma. Mtu aliuliza Sikuda, na Sikuda imejibu.

Nimeandika: "Siku tano, wakati mwingine sita. Usihesabu tu, ingiza mkono. Na ukimtumia mtu, tuma ulivyo. Usikwangue."

Nerima, mama yake Jovia